Gari Lilale Baridi, Liamke Salama

Alfajiri za Juni na Julai hapa Mafiga, upepo wa milima ya Uluguru ukishuka, gari la dizeli lililolala bandani huanza visirani: stata inazunguka kwa kusuasua, moshi mweupe unatoka, injini inazima. Ndipo wengine huamua kuipa joto usiku kucha. Wanasogeza jiko la mkaa chini ya injini, au wanawasha gari mapema na kuliacha likiunguruma huku mlango wa banda umefungwa kwa kuogopa wezi.

Acheni. Mkaa, petroli na dizeli vikiungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, miguu inalegea, na mtu anadhani ni malaria. Banda likiwa limepakana na chumba cha kulala, gesi hupita darini mpaka kwa watoto. Aliyezidiwa mtoeni nje kwenye hewa safi, kisha hospitali mara moja, hata akisema amepata nafuu. Zimamoto ni 114.

Kupasha injini usiku kucha ni kazi ya Kanada na Finland, ambako baridi hushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri na magari huchomekwa kwenye umeme. Mafiga alfajiri ni nyuzi 15 hivi. Oili haigandi hapo, hata ukipanda Mgeta milimani kufuata mboga.

Mara nyingi mgonjwa ni betri. Fungua boneti utazame vichwa vyake: unga mweupe au wa kijani unazuia umeme. Zima gari, fungua waya wa hasi kwanza, safisha kwa brashi na maji ya magadi, kausha, kaza. Betri iliyochoka haiponi kwa kusukumwa na vijana wa mtaa kila asubuhi.

Kwa dizeli, zungusha ufunguo nusu, usubiri taa ya njano yenye umbo la koili izime, ndipo upige stata. Taa ikizima na bado injini inasumbua, fundi azipime plagi za kupasha kwa mita. Oili nayo ifuate kitabu cha gari: namba iliyo kabla ya W ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi kwenye baridi.

Likiwaka, litoe nje. Kuliacha likiunguruma nusu dakika kunatosha, kisha endesha taratibu. Injini hupata joto haraka zaidi barabarani kuliko gari likiwa limesimama.