Ufahamu: Nyama Laini si Lazima Iwe Imeiva

Soma kifungu kifuatacho, kisha jibu maswali.

Jioni mjini Tunduma, kitimoto kwa nanasi ni mboga ya haraka: kata nyama vipande vidogo, kaanga na kitunguu, tia nanasi, funika. Jihadhari! Nanasi bichi hulainisha nyama hata kabla haijaiva, lakini haliui lava wa tegu. Anayekula lava hao hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi. Yakimezwa, lava huweza kufika ubongoni na kusababisha kifafa. Pika hadi wekundu wote wa ndani uishe.

Maswali
1. Kwa nini ulaini si kipimo cha kuiva?
2. Andika neno rasmi badala ya “kitimoto”.
3. Fupisha kifungu kwa maneno 25.