NYUMBA YA WAGENI SI MAKAO YA FAMILIA

Injili ya Mtakatifu Luka yatupa habari za nyumba mbili za wageni. Ya kwanza ilikuwa Betlehemu: Yosefu na Maria hawakupata nafasi humo, na Mwana wa Mungu akalazwa horini. Ya pili imo katika mfano wa Msamaria mwema: humo alimpeleka mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, akatoa dinari mbili, akaahidi kupita tena na kulipa lo lote litakalozidi. Sisi Wakristu aghalabu twaitafakari ile ya kwanza, hasa siku za Noeli. Leo twataka kujifunza kwa ile ya pili, kwa kuwa ina fundisho ambalo miji yetu inalihitaji sana: namna ya kumpa mahali pa kulala mtu asiye na nyumba, na namna ya kuangalia kwamba mahali hapo pasiwe mwisho wa safari yake.

Tuanzie Jangwani, Dar es Salaam. Mtu atokaye mjini kwa barabara ya Morogoro huiacha Kariakoo upande wake wa kushoto, kisha hushuka katika bonde la Mto Msimbazi kabla ya kupanda Magomeni. Bonde hilo ni njia ya maji, na maji hayakusahau njia yake. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua kubwa iliifurika Jangwani na sehemu nyingine za bonde. Jijini walikufa watu zaidi ya 40, na maelfu wakapoteza makao yao. Walipewa hifadhi katika majengo ya shule. Lakini mwezi wa Januari ulikuwa unakaribia, na watoto walipaswa kurudi madarasani. Serikali ikawapa wengi viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji, ambako kwanza walikaa katika mahema.

Wengine walikaa wakajenga. Wengine walirudi bondeni. Watu wengi waliwashangaa, hata wakawaita wakaidi. Walakini tupime jambo hili kwa haki. Mama auzaye vitafunio Kariakoo, kijana abebaye mizigo sokoni, fundi ashonaye barazani, wote hula kwa kile walichopata siku ile. Ukimpeleka mtu wa namna hiyo mahali ambapo nauli ya kwenda na kurudi yamla nusu ya pato lake, umempa kiwanja na kumnyang'anya chakula. Hakurudi mafurikoni kwa kuyapenda. Alirudi kwenye riziki yake.

Siku hizi bonde la Msimbazi linatengenezwa upya. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo, na katika miaka iliyofuata kaya nyingi zililipwa fidia, nyumba zikavunjwa. Hatuna neno la kuupinga mradi unaookoa maisha. Twauliza swali moja tu: mpangaji je? Mwenye nyumba ana kuta na kiwanja cha kuthaminiwa. Mpangaji wa chumba kimoja ana kitanda, sufuria na watoto. Siku ya kuondoka, ataweka wapi kichwa chake?

Zamani angevuka barabara tu na kutafuta chumba Kariakoo. Nyumba za Kiswahili za mitaa ile zilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani mahali pa kupikia na kufulia. Jamaa kadhaa ziliweza kuishi chini ya paa moja. Leo nyingi ya nyumba hizo zimevunjwa, na mahali pake yamesimama maghorofa ya maduka, maghala na nyumba za kulala wageni, ambazo wenyewe huziita gesti. Vyumba vya kupanga kwa mwezi vimepungua. Vyumba vya kulipia kwa usiku vimeongezeka. Ndipo hutokea jambo ambalo halikukusudiwa na mtu: nyumba iliyojengwa kwa msafiri wa usiku mmoja huwa makao ya mtu asiye na safari.

Wako watakaosema, mtu awezaye kulipia gesti kila siku hakosi fedha za kupanga chumba. Hapa ndipo penye fumbo, nasi twaomba wasomaji wetu watumie kalamu na karatasi. Tuseme chumba cha gesti ni shilingi 15,000 kwa usiku. Kwa siku 30 ni shilingi 450,000. Kwa miezi miwili ni 900,000. Tuseme tena kwamba vyumba viwili vya kupanga, mbali kidogo na soko, ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita pamoja, nayo ni shilingi 720,000. Basi, kwa fedha za miezi miwili ya gesti mtu huyu angekwisha pata vyumba viwili kwa nusu mwaka, akabakiwa na shilingi 180,000 za kununulia unga na mkaa. Mbona hafanyi hivyo? Kwa sababu hajapata kuzishika shilingi 720,000 kwa siku moja. Huzipata kidogo kidogo, na usiku huzichukua kidogo kidogo. Maskini hulipa zaidi kuliko tajiri, kwa kuwa analipa kwa vipande.

Na anunuacho ni nini? Kitanda kimoja, feni, na mlango. Hakuna meko. Watoto hula vya kununua, au mama hupika kwa kujificha. Hakuna mahali pa daftari la shule. Kuta ni nyembamba, na mlangoni hupita watu wa kila namna. Mzazi hawezi kuchagua watoto wake waone nini usiku. Juu ya meza ya mapokezi pana kitabu cha wageni, ambamo kila aingiaye huandika jina lake, anakotoka na anakokwenda. Mama aliyekaa humo miezi minne aandike nini katika safu ya anakokwenda? Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, baada ya siku chache mgeni huingizwa katika kazi na haki za nyumba, akawa mwenyeji. Gesti haina jembe la kumpa mtu. Akae mwaka, yeye ni mgeni bado.

Mataifa yenye mali yameyaona haya kabla yetu. Katika miaka ya 1980 mji wa New York uliweka familia nyingi zisizo na nyumba katika hoteli kuukuu, kwa fedha za umma. Hoteli ya Martinique ilijulikana kuliko zote. Jonathan Kozol aliandika habari za watu wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1988. Jambo lililoanza kama msaada wa dharura likawa maisha ya watoto kwa miezi na miaka, na gharama yake haikuwa ndogo. Uingereza iliweka sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2004, kwamba familia yenye watoto isiwekwe katika hoteli za namna hiyo zaidi ya majuma sita. Na hata hivyo halmashauri nyingi zimeshindwa kuishika. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020, Uingereza na jimbo la California huko Marekani ziliwaingiza watu wa barabarani katika hoteli zilizokuwa tupu, na kazi hiyo iliokoa maisha. California ikaendelea mbele: ikatoa fedha za kununua baadhi ya hoteli na kuzigeuza ziwe nyumba za kudumu. Tofauti iko hapo. Hoteli iliyogeuzwa kuwa nyumba ni nyumba. Hoteli iliyobaki hoteli ni chumba cha kungojea.

Wala tusiseme mambo haya ni ya ng'ambo tu. Ng'ambo ya bonde la Jangwani iko Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa pale mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili eneo lijengwe upya. Nyumba mpya zilizinduliwa mwezi wa Machi mwaka 2022. Twashukuru kwamba ahadi ilitimia. Lakini mtoto aliyekuwa akianza darasa la kwanza siku ya kuondoka alikuwa amekwisha ingia sekondari siku ya kurudi. Neno “kwa muda” ni jepesi mdomoni mwa mwenye nyumba yake; kwa mtoto, muda ndio utoto wenyewe.

Kanisa lafundisha nini? Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, yasema kwamba familia ina haki ya kupata makao ya heshima, yanayolingana na idadi ya watu wake na kuwa na huduma za lazima. Mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati juu ya watu wasio na makao, ikaonyesha kwamba tatizo hili si msiba wa mtu mmoja mmoja tu, bali latokana na kasoro katika mpango wa jamii. Naye Papa Fransisko, mwaka 2019, alifungua karibu na Uwanja wa Mtakatifu Petro jumba liitwalo Palazzo Migliori kuwa mahali pa kuwapokea maskini. Jumba hilo lingeweza kuwa hoteli ya kuingiza fedha nyingi. Likapewa wasio na kitu.

Basi tumrudie Msamaria. Mambo matatu twajifunza kwake.

Kwanza, hakudharau nyumba ya wageni. Mtu alikuwa anavuja damu. Haukuwa wakati wa kujenga. Vivyo hivyo, maji yajapo usiku, afadhali familia ilale gesti kuliko barabarani, na afadhali serikali ikodi vyumba kwa majuma machache kuliko kufunga madarasa ya watoto wengine.

Pili, alilipa kwa mkupuo. Hakumwachia majeruhi atafute senti za kila usiku. Hili parokia zetu zaweza kulifanya. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, Karitasi, na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu hutoa mchele na nguo, ni vizuri. Lakini kwa familia iliyokwama gesti, msaada mkubwa kuliko mchele ni kodi ya miezi sita, iwe zawadi au mkopo usio na riba, ulipwe polepole kwa zile fedha zilizokuwa zikimezwa na usiku. Jumuiya ya nyumba 20 ikiweka shilingi 3,000 kila nyumba kwa mwezi, kwa mwaka itakuwa na shilingi 720,000: hesabu ile ile tuliyoitaja.

Tatu, aliahidi kurudi. Huu ndio moyo wa fundisho lote. Mtu ye yote amwekaye mwenzake katika chumba cha muda, awe ofisa, padri au ndugu, amwambie tarehe ya kurudi na nyumba itakayofuata. Chumba kisicho na tarehe si msaada, ni kusahauliwa chini ya paa.

Nanyi wenye nyumba, ambao wengi wenu ni wasomaji wetu na waamini wa ibada zetu, twawasihi kwa upendo: mpokeeni mpangaji kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja pale mwezapo, na msimkatae mama kwa sababu ana watoto wengi. Maria alikuwa na mmoja tu, naye hakupata nafasi.

Mtakatifu Yosefu, aliyetafuta makao kwa ajili ya Familia Takatifu, awaombee baba na mama wote ambao usiku huu wanaandika majina yao katika kitabu cha wageni. Nasi tusitosheke na kuomba. Jumapili hii, baada ya Misa, kila jumuiya iulize swali moja: katika mitaa yetu, nani analala gesti kwa kukosa nyumba, na tutarudi kwake lini?