Shule ya Serikali au ya Binafsi: Mzazi Apimeje?

Wazazi wengi wa Tanzania huuliza: Je, mtoto apelekwe shule ya serikali au ya binafsi? Yafaa swali hili lijibiwe kwa mizani ya haki, wala si kwa kufuata mkumbo.

Kwanza, gharama. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada tangu msingi hata kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ilifikishwa kidato cha sita. Sare na madaftari ni juu ya mzazi. Shule ya binafsi hulipiwa kila muhula.

Pili, lugha. Shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, hufundisha kwa Kiswahili. Nyingi za binafsi kwa Kiingereza. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Basi mtoto wa kwanza huelewa masomo mapema, lakini hukutana na mlima kidato cha kwanza. Wa pili huuepuka mlima huo, bali huweza kukariri maneno asiyoyafahamu.

Tatu, matokeo. Huenda utasema: "Shule za binafsi hufaulisha zaidi." Lakini kumbuka ya kwamba baadhi yao huchagua wanafunzi kwa mtihani, na wengine huwaondoa wasiofikia wastani, hali shule ya serikali humpokea kila mtoto. Hata hivyo, haki yatutaka tukiri pia ya kwamba madarasa mengi ya serikali yamejaa mno, na mwalimu hawezi kusahihisha kila daftari kila siku.

Basi ufanyeje? Hesabu ada ya miaka yote ya shule ya msingi, si ya muhula mmoja. Maana mtoto anayetolewa darasa la nne kwa kukosa ada hubadilishiwa lugha ya masomo katikati ya safari. Wala usimlipie mwana wa kiume ukamnyima binti kwa sababu ya ubinti wake. Dhuluma hiyo huonekana nyumbani kila asubuhi.

Kisha nenda shuleni siku ya masomo. Hesabu watoto wa darasa moja, tazama madaftari kama yamesahihishwa, uliza walimu wangapi wameondoka mwaka huu. Na popote umpelekapo, kila jioni mwambie akueleze kwa maneno yake mwenyewe alichojifunza. Akishindwa siku nyingi mfululizo, mwendee mwalimu wake kabla mtihani haujafika.