Nchi Mpya Hutambuliwaje, na Habari Zake Zisomwe Vipi

Ukitua Hargeisa, ofisa wa uhamiaji anakugongea muhuri wa Jamhuri ya Somaliland. Sokoni wabadilishaji fedha wamepanga mabunda ya shilingi za Somaliland juu ya vimeza. Bunge lipo, jeshi lipo, mahakama zipo. Novemba 2024 wananchi walimwangusha kwa kura rais aliyekuwa madarakani, Muse Bihi Abdi, naye akampisha mshindi. Hata hivyo, tangu ijitangazie uhuru kutoka Somalia Mei 1991, Somaliland ilikaa zaidi ya miaka 30 bila kutambuliwa rasmi na hata nchi moja mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Israeli ndiyo iliyotangulia, Desemba 2025, na Umoja wa Afrika ukaipinga hatua hiyo mara moja.

Sudan Kusini mambo yalikwenda vingine kabisa. Ilipata uhuru Julai 9, 2011, na Julai 14 ikawa mwanachama wa 193 wa Umoja wa Mataifa. Siku hiyo mpaka wake na Sudan ulikuwa bado una mgogoro sehemu kadhaa, hatima ya eneo la mpakani la Abyei haijulikani, na taasisi nyingi za serikali ndiyo kwanza zinaundwa.

Anayedhani nchi hutambuliwa kwa sababu imejiendesha vizuri hawezi kuielewa tofauti hiyo. Kutambua nchi ni uamuzi wa kisiasa, na kila serikali huufanya yenyewe kwa kupima maslahi yake, majirani zake na hofu zake. Katika kupima huko, swali zito kuliko yote ni hili: serikali ya nchi inayoachwa imeridhia?

Sheria inasema nini

Waraka unaotajwa zaidi ni Mkataba wa Montevideo, uliotiwa saini na nchi za bara la Amerika Desemba 1933. Unataja mambo manne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kushirikiana na nchi nyingine. Mkataba huohuo unasema nchi inaweza kuwapo hata kama wengine hawajaitambua. Kwenye karatasi, basi, Somaliland ina hoja nzuri. Lakini hakuna kifungu popote kinachoilazimisha Kenya, Ufaransa au China kuitambua nchi nyingine, na hapo ndipo siasa inapoingia.

Umoja wa Mataifa wenyewe hautambui nchi, ingawa vyombo vya habari husema hivyo kila mara. Unachofanya ni kupokea wanachama. Nchi huomba kwa Katibu Mkuu, ombi likaenda Baraza la Usalama, ambako linahitaji kura 9 kati ya 15 na asiwepo mjumbe wa kudumu anayelipinga kwa kura ya turufu. Likipita hapo linakwenda Baraza Kuu, linakohitaji theluthi mbili. Kizuizi kikubwa ni Baraza la Usalama. Kosovo imetambuliwa na nchi zaidi ya 100 tangu ijitangazie uhuru kutoka Serbia Februari 2008, Kenya ikiwamo tangu Machi 2025, lakini haimo Umoja wa Mataifa kwa sababu Urusi inasimama na Serbia. Palestina nayo ilipata kura 12 za kuunga mkono Aprili 2024, na kura moja ya Marekani ikatosha kuzima ombi lake.

Kwa hiyo ukisikia kwamba nchi fulani imetambuliwa, uliza kwanza imetambuliwa na nani. Kutambuliwa na serikali moja, kuingia Umoja wa Afrika na kuingia Umoja wa Mataifa ni mambo matatu tofauti. Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahrawi ni mwanachama kamili wa Umoja wa Afrika, lakini si wa Umoja wa Mataifa, na sehemu kubwa ya ardhi inayoidai iko mikononi mwa Moroko.

Ridhaa ya anayeachwa

Mei 1991 mambo mawili yalitokea katika Pembe ya Afrika kwa tofauti ya siku chache. Tarehe 18, mjini Burao, viongozi wa koo na wapiganaji wa kaskazini mwa Somalia walitangaza kurudisha uhuru wa Somaliland. Tarehe 24, wapiganaji wa Eritrea waliingia Asmara baada ya vita vya miaka 30 dhidi ya Ethiopia. Pande zote mbili zilikuwa zimeshinda uwanjani, na pande zote mbili zilikuwa na mipaka iliyochorwa enzi za ukoloni kati yao na jirani waliyeunganishwa naye baadaye.

Eritrea haikujitangaza papo hapo. Ilikubaliana na serikali mpya ya Addis Ababa kusubiri miaka miwili, ikaandaa kura ya maoni Aprili 1993 mbele ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa, na asilimia 99.8 wakachagua uhuru. Mei 28 mwaka huohuo ikapewa kiti Umoja wa Mataifa. Ethiopia ilikuwa imekwisha kukubali, na nchi nyingine hazikuwa na sababu ya kukataa.

Somaliland haikuwa na mtu wa kukubaliana naye. Rais Siad Barre wa Somalia alikimbia Mogadishu Januari 1991, na mji mkuu ukawa uwanja wa vita vya makundi. Waliotaka talaka walikuta hakuna wa kuitoa. Serikali ya Somalia iliposimama tena baada ya miaka mingi, ilisimama ikishikilia umoja wa nchi, na hapo mlango ukafungwa kwa namna nyingine. Mimi naliona hili kuwa jambo chungu kuliko yote katika kesi ya Somaliland: watu ambao mji wao wa Hargeisa ulibomolewa kwa mabomu na serikali yao wenyewe mwaka 1988 wanaambiwa wakaombe ruhusa kwa mrithi wa serikali hiyo.

Sudan Kusini ilipata ridhaa kwa njia ya mkataba uliotiwa saini Nairobi Januari 2005. Mkataba ulitoa miaka sita, kisha kura ya maoni. Januari 2011 asilimia 98.83 walichagua kutengana, na serikali ya Sudan ikawa ya kwanza kuitambua nchi mpya. Baada ya hapo utambuzi wa wengine ulikuja kama mvua.

Uamuzi wa Cairo wa 1964

Viongozi wengi wa Afrika wanaogopa kuitambua Somaliland kwa sababu ya azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo Julai 1964. Nchi wanachama ziliahidi kuheshimu mipaka ziliyoikuta siku ya uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea. Hofu ilikuwa ya kweli. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo mwaka 1960 chini ya Moïse Tshombe, haikutambuliwa na nchi yoyote, na ilichukua hadi Januari 1963 kurudishwa, baada ya damu nyingi.

Somaliland hulijibu azimio hilo kwa hoja ya mipaka yenyewe. Ilikuwa himaya ya Mwingereza, ikapata uhuru wake Juni 26, 1960, na siku tano baadaye ikajiunga kwa hiari na Somalia iliyokuwa ya Mwitaliano. Inachodai, inasema, ni mpaka uleule iliokuwa nao siku ya uhuru. Ujumbe wa Umoja wa Afrika uliotembelea huko mwaka 2005 uliona kwamba historia yake ni ya pekee barani na inastahili kuangaliwa kwa upande wake. Hakuna uamuzi uliofuata.

Mwalimu huyohuyo aliyetetea mipaka Cairo aliifanya Tanzania kuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, Aprili 13, 1968. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali ipo kulinda uhai wa watu, na Waibo waliouawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966 walikuwa na haki ya kuamini kwamba hawalindwi. Gabon, Ivory Coast, Zambia na baadaye Haiti zilifuata, wengine wakabaki na serikali ya Nigeria, na Januari 1970 Biafra ikasalimu amri. Siuoni uamuzi ule kuwa kigeugeu. Alikuwa anasema wazi kwamba mipaka ni kitu cha kuheshimiwa hadi pale inapogeuka kuwa uzio wa machinjioni.

Kuna pia wakati ambapo kutotambua ni wajibu. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 11, 1965, Baraza la Usalama lilizitaka nchi zote kuikataa siku iliyofuata. Transkei, iliyoundwa na makaburu mwaka 1976 ili Waafrika wavuliwe uraia wa nchi yao, haikutambuliwa na yeyote isipokuwa Afrika Kusini yenyewe.

Pima maneno

Januari 1, 2024, Ethiopia na Somaliland zilitia saini hati ya makubaliano kuhusu njia ya kufika baharini. Hargeisa ilitangaza kwamba Ethiopia itaitambua. Addis Ababa ilisema itafanya tathmini ya kina kuhusu msimamo wake. Hiyo haikuwa ahadi ileile, na hadi Desemba mwaka huo Ethiopia ilikuwa imekaa na Somalia mjini Ankara kutuliza mzozo.

Tazama pia kinachofunguliwa. Ofisi ya uwakilishi, kama ile ya Somaliland iliyoko Nairobi, inahudumia biashara na watu bila kutangaza chochote kuhusu uhuru. Ubalozi, wenye balozi aliyewasilisha hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi, ni utambuzi wenyewe. Tanzania ililijua hilo mapema. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ilibaki na tatizo la Ujerumani Mashariki, iliyokuwa na ubalozi Zanzibar, wakati Ujerumani Magharibi ikitishia kila aliyeitambua ile ya Mashariki. Mwaka 1965 serikali iliruhusu ofisi ya konseli mkuu tu Dar es Salaam, bila kutambua. Hata hivyo Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akaiambia iondoe na uliobaki.

Na tamko lisomwe lilikotoka. Septemba 2022, mara baada ya Rais William Ruto kuapishwa, akaunti yake ya Twitter ilitangaza kwamba Kenya inafuta utambuzi wa Sahrawi. Ujumbe ule ukafutwa, na barua ya wizara ikaeleza kwamba sera ya nje ya Kenya haiendeshwi kwenye mitandao ya kijamii. Subiri waraka.

Kinachomgusa mtu wa kawaida

Kwa miaka mingi simu za mkononi za Kosovo zilitumia namba za Monaco au Slovenia. Ni baada ya makubaliano na Serbia ndipo ilipopata msimbo wake, 383, mwishoni mwa 2016. Somaliland haiwezi kukopa Benki ya Dunia kwa jina lake. Biashara, hata hivyo, hupata njia: kampuni ya DP World ya Dubai iliingia mkataba wa kuendesha bandari ya Berbera mwaka 2016 bila Falme za Kiarabu kuitambua Somaliland.

Jambo linalowapata vijana wetu zaidi ni masomo. Vyuo vya Cyprus Kaskazini vina wanafunzi wengi kutoka Afrika, na baadhi ya mawakala huitangaza kama Ulaya. Eneo hilo lilijitangazia uhuru Novemba 1983 na linatambuliwa na Uturuki peke yake. Ndege zake hupitia Uturuki, na hata barua huandikwa anwani ya Mersin 10, Uturuki. Kibali cha kuishi huko hakikuruhusu kuingia nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, na Jamhuri ya Cyprus iliyoko kusini huuhesabu uwanja wa ndege wa Ercan kuwa njia haramu ya kuingilia nchini.

Kabla ya kulipa ada au kusaini mkataba mahali kama hapo, uliza wizara ya mambo ya nje ya nchi yako ni ubalozi upi unaohudumia eneo hilo, na kama ofisa wake anaweza kumfikia raia aliyekamatwa, mgonjwa au aliyefariki. Shahada iulizie mapema kwa mamlaka ya elimu ya juu, kama TCU kwa Tanzania, ukitaja jina la chuo na la programu, na ujibiwe kwa maandishi. Mkataba wa biashara uandike wazi ni mahakama ya nchi gani itakayosikiliza mgogoro, kwa kuwa hukumu ya mahakama ya nchi isiyotambuliwa huenda isitekelezwe kwingine. Na wakala akisema mambo hayo hayana maana, tafuta wakala mwingine.