Dhiki Itukute Kazini



Katika nyumba nyingi siku hizi mazungumzo ya jioni ni ya hofu. Bei zapanda, kazi ni haba, habari za vita hazikomi, na vijana hawajui kesho itakuwaje. Mkristu aliye katika hali hiyo hujiuliza: Imani yangu yanifaa nini sasa? Kujiuliza hivyo si dhambi. Lakini anayeitazama dhoruba mchana kutwa, mwishowe huisahau safari yenyewe. Mtume Petro alitembea juu ya maji alipomtazama Bwana. Alipoanza kuupima upepo, akazama.

Na tujifunze kwa jirani zetu, Mashahidi wa Uganda. Twapenda kuukumbuka moto wa Namugongo, ila ni mara chache twaikumbuka miaka iliyoutangulia.

Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882, kwa sababu ya hatari, walilazimika kuondoka, wakaenda kukaa Bukumbi, kusini ya Ziwa, karibu na Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu Wakristu wale, waliobatizwa juzi tu, walibaki bila padre, bila Misa, bila Kitubio. Je, walikunja mikono wakingoja?

La, hasha! Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi katika jumba la mfalme, aliwaongoza vijana wenzake katika sala na mafundisho. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, aliwafundisha wakatekumeni na kuwahudumia wagonjwa. Huko Mityana, Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noa Mawaggali, aliyekuwa mfinyanzi wa vyungu, waliwakusanya waamini. Kila mmoja alifanya utume pale pale alipokuwa na kazi yake. Mapadre waliporudi, walikuta kundi si dogo kama walivyoliacha, bali limeongezeka.

Ndipo mateso yakaja. Askofu Mwanglikana James Hannington alipouawa mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, Yosefu Mukasa alimkemea mfalme waziwazi. Tarehe 15 Novemba mwaka huo naye akauawa. Karoli Lwanga alishika nafasi yake, na usiku ule wa Mei 1886 uliotangulia hukumu, akawabatiza wakatekumeni jumbani, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni, Lwanga na wenzake wengi, Wakatoliki kwa Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 miongoni mwa mashahidi hao kuwa Watakatifu.

Tuone basi fundisho. Ujasiri ule ulikuwa neema ya Mungu. Lakini neema hiyo iliwakuta watu waliokwisha kuzoea kusali, kufundishana na kuhudumiana. Dhiki haikuwakuta wakitazama upepo, iliwakuta kazini. Haba na haba hujaza kibaba, na imani nayo hujazwa hivyo hivyo, jioni baada ya jioni.

Wala mtu asidhani kwamba kumtazama Kristu ni kuyafumbia macho mabaya ya dunia. Yosefu Mukasa hakunyamaza damu ya asiye na hatia ilipomwagwa. Anayejua lengo la maisha yake ndiye awezaye kusema kweli bila chuki na bila woga.

Akina baba na akina mama, tujiulize leo: Kama padre asingefika kigangoni kwetu kwa miaka mitatu, je, sala ingeendelea nyumbani mwetu? Nani angewafundisha watoto ishara ya Msalaba na Amri za Mungu? Mgonjwa wa jirani angetembelewa na nani? Tukiona haya kujibu, tusikate tamaa. Tuanze usiku huu, kabla watoto hawajalala, kwa Baba Yetu mmoja uliosaliwa pamoja. Hatujui dhoruba ya kesho. Kazi ya leo twaijua.

Mashahidi Watakatifu wa Uganda, mtuombee.