Fahali Yupi Abaki Zizini?

Mkulima wa Ruaha Mbuyuni anayetaka kuvuna mbegu yake mwenyewe ya vitunguu hapandi vitunguu vidogo vyenye ugonjwa. Huchagua vikubwa, vilivyokomaa vizuri, akavipanda tena mpaka vitoe maua na mbegu. Anajua kwamba mbegu mbaya haizai mavuno mema. Lakini mkulima huyo huyo akienda zizini, mara nyingi hufanya kinyume.

Tuseme kwa mwaka mmoja wamezaliwa ndama madume watatu. Wa kwanza anakua upesi kuliko wenzake. Karo ya shule inapotakiwa, huyo ndiye anayepelekwa mnadani. Wa pili ni mwenye nguvu na mpole. Anahasiwa, anakuwa maksai wa kuvuta plau. Wa tatu ni mdogo, mbavu zaonekana, tena ni mkali hata hakamatiki. Mnunuzi hamtaki, na kwa kuwa hakukamatika hakuhasiwa. Huyo ndiye anayebaki malishoni na majike. Hakuna aliyemchagua, lakini ndiye atakayekuwa baba wa ndama wako wote.

Desturi hii ikiendelea miaka mingi, kundi hupungua umbo na kuzidi ukali. Wenye ng'ombe husema, "Ng'ombe wa siku hizi hawanenepi." Kosa si la ng'ombe.

KAZI YA DAMU NA KAZI YA MALISHO

Kila ndama hupata nusu ya asili yake kwa mama na nusu kwa baba. Lakini jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na pengine hazai. Fahali mmoja mwenye afya aweza kupanda majike 20 hadi 25 kwa mwaka. Kwa hiyo fahali ni nusu ya kundi zima. Ukimkosea jike, umekosa ndama mmoja. Ukimkosea fahali, umekosa ndama wote.

Fikiri habari ya mtungi na maji. Damu ni mtungi, malisho ni maji. Mtungi mdogo haushiki maji zaidi ya kipimo chake, hata ukiuwekea mto mzima. Na mtungi mkubwa usiotiwa maji hubaki mtupu. Ng'ombe mwenye asili ya kukua upesi, akilishwa mabua matupu, atakonda. Na ng'ombe mwenye asili duni, ukimpa pumba na mashudu ya alizeti kila siku, utapoteza fedha yako.

Wataalamu wamepima jambo hili kwa miaka mingi. Kati ya ng'ombe wanaotunzwa pamoja, kama sehemu 3 hadi 4 katika 10 za tofauti ya kukua hutokana na damu. Zilizobaki hutokana na chakula, maji, magonjwa na utunzaji. Sehemu hizo 3 au 4 si nyingi, lakini hupita kwa watoto na wajukuu.

UPOLE NAO HURITHIWA

Wengi hufikiri ukali wa ng'ombe watokana na fimbo tu. Ni kweli kwamba ng'ombe anayepigwa kila siku huwa mwoga na mkali. Lakini wako ndama wanaolelewa na mchungaji mmoja, wasiopigwa, na bado mmoja huruka ua kila aonapo mtu. Huyo amerithi.

Ng'ombe mwenye wasiwasi hali kwa utulivu, na nguvu ya chakula chake huishia katika kukimbia. Mwaka 1997 wataalamu wa Colorado, Marekani, walitoa matokeo ya kupima ng'ombe wa kunenepesha. Waliona kwamba ng'ombe watulivu waliongezeka uzito kwa siku kuliko wale wenye fujo. Tena ng'ombe aliyechinjwa akiwa amehangaika sana aweza kutoa nyama nyeusi isiyopendwa na mnunuzi.

Lakini usidanganyike: ng'ombe mgonjwa au mwenye njaa hunyamaza pia. Huo si upole. Mpole wa kweli hula vizuri, manyoya yake yang'aa, na hutazama mtu bila kukurupuka.

MBEGU IPI YAFAA?

Usidharau ng'ombe wa kienyeji. Zebu wetu wafupi, pamoja na wale wekundu wa Iringa, huvumilia joto, kupe na majani makavu, na huhitaji chakula kidogo ili kuishi. Ng'ombe wa Ulaya hukua upesi penye chakula kingi, lakini katika joto la bonde la Ruaha hutaabika.

Mtu atakaye kuongeza umbo bila kupoteza uvumilivu afikiri Boran, ambao asili yao ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, nao wamefugwa pia katika ranchi ya Kongwa. Wako pia ng'ombe wa Mpwapwa, waliotengenezwa kule Mpwapwa, Dodoma, kwa kuchanganya damu ya kienyeji na ya Sahiwal na Red Sindhi, ili kupata maziwa na nyama katika nchi kavu. Lakini fahali mkubwa sana asipande mitamba midogo, maana kuzaa kutakuwa kwa shida.

MAMBO YA KUFANYA

1. Andika katika daftari siku ya kuzaliwa ya kila ndama, mama yake, na baba yake kama wamjua.

2. Linganisha ndama wa msimu mmoja na malisho mamoja. Ndama ambaye mama yake hukamuliwa sana aweza kuwa mdogo kwa njaa, si kwa damu.

3. Wapime kwa utepe wa uzito, ukiuzungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Pima wanapoachishwa kunyonya, na tena wakitimiza mwaka.

4. Siku ya josho, tazama nani hupita kwa utulivu na nani huruka na kupiga mateke. Tazama mara tatu au nne, si mara moja.

5. Aliyekua vizuri na kuwa mtulivu, mwenye miguu imara na korodani mbili zilizo sawa, usimwuze wala usimhasi. Huyo ndiye fahali wako.

6. Madume wengine wahasiwe mapema, kabla hawajaanza kupanda majike. Mwite Bwana Mifugo au Bibi Mifugo aje na koleo la kuhasia.

7. Fahali asipande binti zake. Baada ya miaka kama mitatu badilishana na mwenzako wa mbali, lakini kwanza wote wawili wapimwe ugonjwa wa kutupa mimba.

8. Mwenye majike machache aungane na majirani wapate fahali mmoja mwema. Chagueni pamoja, mlisheni pamoja.

9. Lisha sawasawa na damu uliyoichagua. Weka akiba ya mabua ya mahindi kabla ya kiangazi, lakini usiwalundikie ng'ombe vitunguu vilivyooza: vikiwa vingi huharibu damu na vyaweza kuua.

Karo ya shule haingoji, nasi twajua hivyo. Lakini siku ya kwenda mnadani, acha yule aliye bora, uchukue wa pili na wa tatu. Fedha itapungua kidogo mwaka huu. Miaka mitatu ijayo utapeleka mnadani watoto wa fahali mwema, na plau yako itavutwa na maksai wanaosikia sauti yako.