Rehema ya Mwenyezi Mungu na Moto wa Milele

Ndugu yetu mmoja mwenye duka huko Ziwa, upande wa Eldoret, ametuletea swali zito. Jirani yake asiyekuwa Mwislamu amefariki, naye alikuwa mtu mwema aliyewauguza wanawe walipopatwa na maradhi. Sasa auliza: Mola aliyejiita Mwingi wa Rehema, vipi amtie mtu kama huyu Motoni milele kwa makosa ya umri mfupi? Wenziwe wamemkemea, wakamwambia kuuliza hivyo ni kufuru. Sisi hatumkemei, kwani wanazuoni wakubwa wameliuliza kabla yake.

Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alikusanya katika Hadi al-Arwah hoja za wasemao kwamba Moto utafikia kikomo, kwa kuwa rehema ni sifa ya Mola mwenyewe ilhali adhabu ni kitendo chake tu. Taqiyyuddin Subki alitunga risala kuipinga kauli hiyo, na walio wengi wako upande wa Subki. Kwa ndugu zetu wa Unguja khitilafu ilikuwa nyingine: Sunni wasema Mwislamu mwenye dhambi kubwa atatolewa Motoni, na Ibadhi wasema akifa bila kutubia hatoki. Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, mzaliwa wa Unguja aliyeshika umufti wa Oman mwaka 1975, ameliandikia jambo hili katika Al-Haqq al-Damigh. Twaitaja khitilafu hii ili msomaji ajue kwamba watu walisali wakapakana, wakazikana, na haya yote yakiwa baina yao.

Sisi twashika kauli ya walio wengi. Waulizao vipi kosa la muda lilipwe kwa umilele, wajibiwa kwa Sura ya 6, aya ya 28: watu hao lau wangalirudishwa duniani wangaliyarejea yale yale. Kosa lao halikuwa na mwisho ila kwa kukatika umri.

Lakini ni nani hao? Hapa ndipo penye jawabu, na ajabu ni kwamba mimbarini hapatajwi. Imamu Ghazali, katika Faysal al-Tafriqa, aliwagawa wasiosilimu mafungu matatu: asiyefikiwa na wito kabisa, aliyefikiwa nao kwa ubainifu akaukataa, na aliyesikia tangu utotoni habari za Mtume zilizopotolewa. Mwenye kuadhibiwa ni huyo wa pili. Wa tatu alimhesabu pamoja na wa kwanza, kuwa ana udhuru.

Marehemu wa Ziwa alikuwa fungu gani, hilo ni la Mola wake, wala si letu kumhukumia mtu kwa jina lake. Ila ndugu yetu amekiri katika barua yake kwamba kwa miaka ishirini hakumwambia jirani huyo neno moja la dini. Alimpimia sukari na mafuta tu, na siku nyingine kipimo kilipungua. Basi huyo marehemu aliusikia Uislamu kwa nani, na aliuona wapi ila katika mizani ile? Mjane wake yu hai, na nyumba yake yakabili mlango wa duka.